Kilima Kidogo, Lifti Moja: Tunajibu Maswali Yenu Kuhusu Uwanja wa Skii wa Familia

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa viwanja vidogo vya skii: lifti moja au mbili, mteremko wa mita mia chache, na familia ambayo mama anauza tiketi, baba yuko kwenye mashine ya kusawazisha theluji na watoto wakubwa wanakodisha buti. Kwenye uwanja mkubwa lifti moja ikigoma, wageni huhamia nyingine. Kwenu ikigoma, siku imeisha. Tumeyajibu maswali haya tukilikumbuka hilo.

SWALI: Juzi usiku kipimajoto kilisoma nyuzi −1 na mzinga wetu wa theluji, ile mashine ya kurusha matone ya maji hewani yagande, ukatoa theluji safi kabisa. Jana kilisoma −2, yaani baridi zaidi, lakini tukaambulia uji. Je, mashine imeharibika? (Kijana wa zamu ya usiku)

JIBU: Mashine yenu ni nzima, kijana wetu. Kilichowapotosha ni kipimajoto cha kawaida, maana hicho hakina habari na unyevuanga. Tone la maji linaporushwa hewani hupoa kwa njia mbili. Kwanza linagusana na hewa baridi. Pili, sehemu yake ndogo hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Hewa ikiwa kavu, njia ya pili hufanya kazi kubwa. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, njia hiyo imefungwa.

Kipimo mnachokihitaji ni cha balbu mbichi, yaani kipimajoto ambacho balbu yake imevikwa kitambaa kibichi na kupitishiwa upepo. Chukueni mfano wenu wenyewe. Hewa ya nyuzi −1 yenye unyevuanga wa asilimia 40 husoma kama −4 kwa balbu mbichi, na hapo mzinga unafanya kazi vizuri. Hewa ya nyuzi −2 yenye ukungu, unyevuanga asilimia 95, husoma −2 na kidogo tu, na hapo ndipo mpaka wa chini kabisa wa kutengeneza theluji. Kwa hiyo usiku wa pili ulikuwa na baridi zaidi kwa mtu aliyevaa koti, lakini si kwa tone la maji.

Kwa kazi ya kila siku shikeni hivi: kwa balbu mbichi ya −2 mnaweza kuanza, kwa maji machache sana, kwa −4 mnafanya kazi ya kueleweka, kuanzia −7 kwenda chini fungulieni maji kwa wingi, kwa kuwa saa kama hizo ni chache katika msimu na hazirudi. Kosa la kawaida ni kufungua maji ya −7 wakati hewa bado ni ya −3. Matone yanakuwa mengi na makubwa, hayawahi kuganda kabla ya kutua, na chini mnapata barafu yenye maji.

Msisubiri asubuhi kujua mmepata nini. Simameni mita kadhaa mbele ya mzinga, mnyooshe mkono wenye koti la rangi ya giza, mhesabu mpaka kumi. Chembe zikigonga na kuruka, sawa. Zikinata na kuacha madoa ya maji, punguzeni maji. Kisha chukueni konzi ya theluji iliyotua, muifinye kwa nguvu: ikichuruzika maji ni mbichi mno, ikishikana bila kutoa maji ndiyo ya kujengea tabaka la chini, ikimong'onyoka kama sukari, ni kavu, inafaa kwa tabaka la juu. Rudieni kipimo hicho kila mnapopita, maana usiku mmoja hubadilika mara nyingi.

Mambo mawili zaidi. Usiku mtulivu usio na mawingu, baridi hushuka na kutuama bondeni, kwa hiyo kipimajoto cha chini kinaweza kusema −6 huku juu ikiwa −2. Wekeni viwili. Na angalieni maji yenyewe: maji ya kisima yenye nyuzi 8 au 9 hula sehemu ya baridi yenu kabla hayajaanza kuganda. Maji yaliyokaa kwenye bwawa la wazi mpaka yakakaribia sifuri hutoa theluji mapema zaidi kwa mzinga uleule.

SWALI: Tunataka kufunika ukanda wa mita 300 kwa 20 kwa unene wa sentimita 30. Tutahitaji maji kiasi gani, na siku ngapi? (Mwenye uwanja mpya)

JIBU: Ukanda huo ni mita za mraba 6,000. Ukizidisha kwa sentimita 30 unapata mita za ujazo 1,800 za theluji. Theluji ya mashine ni nzito. Mita moja ya ujazo hubeba kilo 400 hadi 500, tofauti na theluji mpya ya mawinguni ambayo mara nyingi haifiki kilo 100. Kwa hiyo mnahitaji mita za ujazo 720 hadi 900 za maji, na mwongeze ya kupotea kwa upepo na mvuke.

Sasa pampu. Ikiwa inatoa lita 5 kwa sekunde, hiyo ni mita za ujazo 18 kwa saa, na maji 900 yatakwisha kwa saa 50. Hizo ni saa za baridi nzuri. Kwa balbu mbichi ya −3 mtakuwa mnapitisha nusu ya maji hayo au pungufu, na saa 50 zinakuwa 100. Ndiyo sababu tunawaambia wanaoanza: kabla ya kununua mzinga wa pili, hesabuni saa za baridi mnazopata kwenu kabla ya siku ya kufungua, kisha mpime pampu na bwawa. Mzinga mkubwa kwenye bomba jembamba hauna faida. Kabla ya yote hayo, hakikisheni mna kibali cha kuchota maji hayo pale mnapoyachota.

Jengeni sehemu ngumu kwanza: mahali pa kushukia lifti, pale mteremko unapobana, na njia yenyewe ya lifti kama ni ya kuburuta. Upepo uwe nyuma ya mzinga, na msiuelekeze kabisa kwenye waya wa lifti, kwa sababu maji yakigandia kwenye kapi mtakesha mkigonga barafu.

Kuhusu mipira ya maji: usiku wa nyuzi −8, mpira uliosimama na maji ndani huanza kuziba baada ya dakika chache tu. Mnapofunga, fungeni koki, fungueni mpira upande wa mzinga, muunyanyue begani na kutembea nao kutoka juu kwenda chini mpaka tone la mwisho litoke. Koki ya kujimwaga ifungwe mpaka mwisho. Ikiachwa nusu, maji hupenya kwenye tundu la kumwagia na kumomonyoa udongo kuizunguka. Na mnapoifungua, fungueni polepole, mkisimama kando wala si mbele ya kiungio. Presha iliyomo kwenye bomba inaweza kumvunja mtu mguu.

SWALI: Kwa nini theluji ya mzinga iachwe kama rundo siku nzima? Wageni wanaona tumelala. (Dada wa tiketi)

JIBU: Waelezeni wageni kwamba rundo hilo linachuja maji. Katikati ya kila chembe iliyotoka kwenye mzinga mara nyingi hubaki maji ambayo hayajaganda. Rundo likikaa saa 24, au 48 kama theluji ilitoka mbichi, maji hayo huganda au hushuka chini. Mkilisambaza mapema, sepetu la mashine hulainisha uso na kuyafungia maji ndani, na asubuhi mnapata sakafu ya barafu ambayo hakuna meno ya mashine yatakayoirudisha.

Subira hiyohiyo inahitajika baada ya kusawazisha. Chembe zilizosagwa na kubanwa huanza kuungana zenyewe, kila moja ikijenga daraja dogo la barafu na jirani yake. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Mteremko uliosawazishwa saa moja jioni utakuwa mgumu na wenye kushika vizuri asubuhi. Uliosawazishwa saa moja asubuhi, wageni wakaingia saa mbili, utakuwa umechimbika kufikia saa nne.

Kwa dereva wa mashine: pita wakati joto linashuka lakini theluji bado ni laini, yaani muda mfupi baada ya kufunga siku za joto. Ukichelewa mpaka imeganda, unasaga madonge magumu ambayo yatabaki yametapakaa kesho yake. Kila mpito upande juu ya uliotangulia kwa sentimita 30 hivi, vinginevyo unaacha tuta ambalo mtoto atajikwaa. Baridi ikiwa kali na theluji kavu, punguza mzunguko wa rota ya nyuma, kwa kuwa kusaga kupita kiasi huvunja chembe zikawa unga usioshikana. Na kila usiku rudisha theluji juu na katikati. Watu mia mbili wakishuka mteremko mmoja mchana kutwa huisukuma theluji pembeni na chini, na ukiiacha huko wiki moja, katikati nyasi zitaonekana huku kingo zikiwa na mita nzima ya theluji.

SWALI: Nimeajiriwa kuangalia lifti ya T, ile inayoburuta watu wawili wawili kwa fito yenye umbo la T. Nimeambiwa "kagua asubuhi", basi. Nikague nini? (Mwendeshaji msimu wa kwanza)

JIBU: Hili tungependa kila uwanja ulibandike ukutani, lakini mwongozo wa mtengenezaji wa lifti yenu na sheria za mahali penu ndivyo vya kwanza. Haya ni ya kuongezea.

Anza ukiwa umezima. Tazama uzito wa kukazia waya: unaning'inia huru, au theluji imeuzingira chini? Waya hurefuka na kufupika kwa joto na kwa mzigo, na uzito ukikwama, waya hulegea pasipo mtu kujua mpaka unaporuka kwenye kapi. Chimba theluji yote chini yake na uangalie alama ya kimo chake dhidi ya jana. Tazama giaboksi kama kuna mafuta yaliyodondoka. Tazama swichi za usalama na nyaya zake kwenye kila nguzo unayoweza kuiona.

Halafu washa kwa mwendo wa polepole, bila abiria, na usikilize. Beringi inayokufa hulia mlio mkavu unaorudi kwa kila mzunguko. Kapi lisilozunguka halilii. Linanyamaza huku waya ukisugua mpira wake sehemu moja mpaka unakuwa bapa. Kwa hiyo macho yafuate kila nguzo: kila kapi lizunguke, waya upite katikati ya mfereji, mpira usiwe umepasuka. Usiku ukiwa na mvua ya kuganda, usikimbilie kuwasha kwa kasi. Barafu iliyoshika waya huunyanyua kwenye kapi na kuutoa. Viwanja vingine huacha lifti ikizunguka polepole usiku kucha ili barafu isipate nafasi ya kushika.

Jaribu kila kitufe cha kusimamisha, cha chini na cha juu, kimoja kimoja. Jaribu geti la usalama la juu, lile linalosimamisha lifti mtu asipoachia, kwa kulisukuma mwenyewe. Pima lifti inachukua umbali gani kusimama, na uandike. Umbali ukiongezeka kidogo kidogo siku hadi siku, breki imeingia mafuta au imelika, na daftari litakwambia kabla ya jicho. Piga simu ya juu. Isipopokewa, lifti haifunguliwi. Injini ya akiba, kama ipo, iwashwe kila wiki mpaka ipate moto, na itumie dizeli ya majira ya baridi. Dizeli ya kiangazi hutoa chembe za nta kwenye baridi na kuziba filta, na mtaligundua siku ambayo umeme umekatika.

Kwenye T kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau: kisanduku cha springi kinachovuta kamba irudi. Tazama fito kadhaa zikiachiwa. Kamba inapaswa kurudi kwa utulivu. Ikirudi kwa kishindo, fito huruka, huweza kujizungusha kwenye waya mkuu, na ikifika kwenye kapi la nguzo inayofuata inautoa waya. Fito kama hiyo itolewe kwenye kazi saa hiyohiyo.

Mwisho, tembea njia ya kuburutia. Iwe sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikiinama kushoto hata kidogo, abiria wa kulia atamlalia mwenzake na wote wawili wataanguka palepale wanapoanguka wengine. Mkiona watu watatu wameanguka sehemu moja, kosa ni la njia. Chukua koleo.

SWALI: Mwenzangu wa juu alisimamisha lifti, mimi wa chini nikaona hakuna tatizo nikaiwasha. Tumegombana. Nani ana haki? (Huyohuyo)

JIBU: Yeye. Aliyesimamisha ndiye anayetoa ruhusa ya kuwasha, kwa simu au redio na kwa maneno kamili: "Juu ni salama, washa." Wewe wa chini huoni kilicho mbele ya geti lake, pengine mtoto yuko chini ya fito. Na swichi ya usalama ikikatika, tafuteni sababu mpaka ipatikane. Kuiunganisha kwa kipande cha waya ili siku iendelee ni kuondoa kinga pekee iliyobaki kati ya waya uliotoka kwenye kapi na watu waliouning'inia.

SWALI: Lifti yetu ya watoto ni kamba tu inayozunguka. Glavu zinakwisha ndani ya wiki na wazazi wanalalamika. (Mwalimu wa watoto)

JIBU: Kamba ni mojawapo ya lifti kongwe na rahisi zaidi. Ile iliyowekwa Woodstock, Vermont, mwaka 1934 iliendeshwa kwa injini ya gari la Ford, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Glavu huliwa pale mtoto anapoikamata kamba ghafla ikiwa kwenye mwendo. Mfundisheni kuizungushia vidole kwa ulegevu kwanza, kamba iteleze ndani ya kiganja, kisha akaze polepole mpaka mwendo wake ulingane nayo. Mkono mmoja mbele, mwingine nyuma ya mgongo, skii sambamba. Glavu ziwe na kiganja cha ngozi au kivikwe kinga juu yake. Kwa wanaoanza punguzeni kasi iwe ya mtu anayetembea.

Jambo zito zaidi ni nguo. Kamba iliyosokotwa hujizungusha inapovutwa, na chochote kinachoning'inia kinasokotwa nayo: skafu, kamba za kofia, nywele ndefu, mikanda ya begi. Mwendeshaji amkague kila mtoto kabla hajashika: skafu ndani ya koti, nywele ndani ya kofia ngumu. Akiona shaka yoyote kwenye safari asimamishe kwanza. Na geti la usalama la juu liwe umbali wa kutosha kabla ya gurudumu, ili kamba iwe imesimama kabisa kabla mkono haujafika, hata pale barafu inapofanya isimame taratibu. Lijaribuni kila asubuhi kama la lifti ya T.

SWALI: Nilipokodisha skii kwa binti yangu waliniuliza uzito, urefu, umri na anavyoteleza. Kisha wakaweka kifungio kilegevu, skii ikamtoka mara mbili. Si bora kukikaza? (Mama wa mtelezaji)

JIBU: Mama, usikikaze mwenyewe, na usimruhusu mtu akikaze kwa kukisia. Kifungio kina kazi mbili zinazopingana: kiishike buti binti anapoteleza, na kiiachie kabla mfupa haujavunjika anapoanguka. Ncha ya mbele huachia kwa pembeni, kisigino huachia kwa juu. Namba iliyoandikwa pale ndiyo inayoamua ni nguvu kiasi gani itangulie.

Maswali waliyokuuliza yana maana. Jedwali la kimataifa, ISO 11088, huanza na uzito na urefu kutoa herufi. Vikipingana, huchukuliwa ile ya chini: mtu wa kilo 60 na sentimita 170 anaangukia J kwa uzito na K kwa urefu, basi anapewa J. Halafu aina ya utelezaji: mwangalifu hubaki pale, wa kati hupanda herufi moja, mwenye kasi mbili. Mtoto wa miaka 9 kushuka chini, na mtu wa miaka 50 kwenda juu, hushushwa herufi moja. Mwisho huja urefu wa soli ya buti kwa milimita, ambao umechapwa kwenye kisigino cha buti, na hapo ndipo namba inapopatikana. Soli ndefu ni kama spana ndefu, hivyo namba hushuka. Ndiyo maana ukibadilisha buti, namba nayo hupimwa upya. Na ukisema kilo chache ili uonekane mwembamba, au umwite mwanao bingwa ili ajisikie vizuri, umeharibu hesabu yote.

Skii iliyotoka bila kuanguka mara nyingi haina tatizo la namba. Angalia kwanza chini ya buti: theluji iliyogandamana pale huinua kidole cha mbele na kisigino hakijifungi sawasawa. Akwangue soli kwenye kifungio kabla ya kukanyaga. Angalia bati la kuteleza chini ya ncha ya buti, lisiwe na mchanga wala kupasuka. Angalia soli yenyewe. Buti zilizotembezwa kwenye lami na kokoto hulika pembe, na pembe zilizolika hazikai kwenye kifungio. Hakikisha pia aina ya soli inakubaliana na kifungio, maana kuna soli bapa za zamani, kuna zilizopinda za kutembelea, na si kila kifungio hupokea zote. Mwisho, fundi aangalie msukumo wa mbele, ile alama ya kisigino inayoonyesha kama kifungio kimesogezwa kulingana na urefu wa buti. Kwenye skii za kukodi, hili ndilo linalosahaulika zaidi.

Tena, kifungio hulinda vizuri mfupa wa muundi. Goti linalopinda mtu akianguka kinyumenyume halipati kinga ileile. Mfundishe binti asijitahidi kusimama wakati bado anateleza kwa makalio. Aache, akae, asimame skii zikiwa zimetulia.

SWALI: Baada ya kufunga nataka kupanda mteremko kwa miguu na skii zangu na kushuka kwa taa ya kichwa. Wamenikatalia. Kuna ubaya gani, hakuna watu? (Msomaji aliyekasirika)

JIBU: Kuna mashine, na huenda kuna winchi. Pale mteremko unapokuwa mkali, mashine hufungwa waya wa chuma kwenye nanga ya juu na kujivuta nao. Waya huo unaweza kuwa na mamia ya mita, umekazwa kwa nguvu ya tani kadhaa, na ni mwembamba kiasi kwamba taa yako haitauonyesha. Mara nyingine waya huo huwa umelala chini ya theluji. Mashine ikigeuka, unanyanyuka na kufagia mteremko wote kwa upana, usawa wa magoti au kifua, kwa kasi isiyokupa nafasi. Dereva aliye nyuma ya mwinuko hakuoni. Watelezaji wamepoteza maisha kwa waya hizi. Ukiona taa inayozunguka ya mashine au bango la winchi, geuka. Muulize mwenye uwanja kama kuna njia na saa walizotenga kwa wapandaji.

SWALI: Nikimgonga mtu aliyenikatiza mbele, nani mkosaji? (Mtelezaji wa ubao)

JIBU: Kwa kawaida wewe uliye juu. Kanuni za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, FIS, zilizopitishwa mwaka 1967, zinasema anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Aliye mbele naye, anapoanza kuondoka baada ya kusimama au anapoingia kutoka pembeni, lazima atazame juu na chini. Yeyote aliyehusika au kushuhudia ajali husaidia na kutoa jina lake.

SWALI: Hatuna fedha za mzinga wa theluji. Tutafanyaje tufungue mapema? (Familia ya lifti moja)

JIBU: Kazi yenu kubwa ni ya kiangazi. Kateni nyasi fupi kabisa mwishoni mwa majira ya ukuaji na myaondoe majani yaliyokatwa. Nyasi ndefu hulala chini ya theluji kama godoro lenye hewa, theluji haigusi ardhi, na skii ya kwanza inapenya mpaka chini. Ng'oeni visiki, okoteni mawe, jazeni mashimo. Juu ya mteremko laini wenye nyasi fupi, sentimita 20 zilizogandamizwa vizuri zinaweza kubeba watelezaji wepesi. Juu ya mawe, hata 50 hazitoshi. Chimbeni mifereji ya kukata mteremko kwa mshazari ili maji ya masika yasichimbe korongo katikati, na msipitishe magari juu yake udongo ukiwa umelowa.

Theluji ya kwanza ikianguka, msisubiri iwe nyingi. Igandamizeni hiyo kidogo kwa miguu, kwa skii au kwa rola inayovutwa na pikipiki ya theluji, ili baridi ya usiku ipenye na ardhi igande. Theluji laini ni blanketi. Ikiachwa nene, inaifunika ardhi ikabaki na joto lake na kuyeyusha kutoka chini.

Mahali penye upepo, wekeni uzio wa mbao zenye nafasi, nusu wazi nusu mbao, ulioinuliwa kutoka ardhini kwa sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Uzio usio na matundu hufanya kazi vibaya zaidi, kwa sababu rundo lake huwa fupi. Wenye matundu hupunguza mwendo wa upepo na theluji hutua upande wa pili. Uzio ukijaa, rundo huweza kufika umbali wa mara 35 ya urefu wake, lakini sehemu nene iko karibu, ndani ya mara 10 hivi. Kwa hiyo uzio wa mita 2 usimame kiasi cha mita 10 hadi 15 kabla ya kitovu cha mteremko, upande upepo unakotoka. Pigeni vigingi kabla ardhi haijaganda, na mkiona rundo limefikia nusu ya uzio, sambazeni theluji hiyo mteremkoni ili uzio upate nafasi ya kukamata nyingine.